Milango ya Ruta: Nani Anaingia Dukani na Nyumbani kwa Njia ya Intaneti?

Maandishi ya mada kwa wakazi na wafanyabiashara wa Chepilat kuhusu fayawoli na ufunguaji wa poti

  

Soko la Chepilat lina kufuli nyingi. Jioni, magari ya kwenda Sotik na Keroka yanapopungua barabarani, kila mwenye duka huteremsha mlango wake wa chuma, hufunga kufuli mbili au tatu, kisha huzitingisha kuhakikisha zimeshika. Wengine huchanga pesa za mlinzi wa usiku. Soko hili liko mpakani mwa Bomet na Nyamira, watu wa pande zote mbili hupitia hapa, na kila mwenye mali anajua kwamba mlango usiofungwa ni mwaliko.

Lakini kwenye rafu nyuma ya kaunta kuna kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeteka. Hiyo ndiyo ruta, kifaa kinacholeta intaneti dukani au nyumbani. Nayo ina milango, na milango hiyo haionekani kwa macho. Wengi hawajawahi kuitingisha kufuli yake hata mara moja. Mada ya leo inahusu milango hiyo: inavyofungwa, anayeweza kuifungua, na kwa nini mwenye nyumba anapaswa kujua ni mingapi iko wazi.

Mfano wa mwenye duka

Chukulia mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bonasi ya majani chai imelipwa, wateja wananunua mabati na saruji, na yeye ameamua kuweka kamera nne na kinasa picha. Anataka kuliangalia duka kwa simu akiwa nyumbani Ndanai au safarini Nairobi. Fundi anafika, anafunga kamera, anaingia kwenye ruta kwa dakika chache, kisha anamwonyesha mama mwenye duka picha kwenye simu. Mama anafurahi, analipa, fundi anaondoka.

Kuna jambo moja ambalo mama hakuambiwa. Ili picha zifike kwenye simu, fundi amefungua mlango katika ruta. Mlango huo hauko wazi kwa simu ya mama peke yake. Uko wazi kwa dunia nzima, usiku na mchana, na utabaki hivyo hadi mtu aufunge. Na nywila ya kinasa picha bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kazi ya ruta, na fayawoli ni nini

Ruta inafanana na lango la ploti ya vyumba vya kupanga. Ploti ina anwani moja inayojulikana nje. Ndani kuna vyumba vingi, kila kimoja na nambari yake. Simu, kompyuta, televisheni na kamera ndio wapangaji. Kila kifaa hupewa nambari ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168. Nambari hizo hazina maana nje ya ploti, na ndiyo sababu maelfu ya nyumba zinaweza kutumia nambari zilezile bila kugongana.

Langoni kuna bawabu, na sheria anazofuata ndizo huitwa fayawoli, yaani ukuta wa kinga. Sheria yake ya kwanza ni rahisi. Mpangaji akitoka kwenda dukani, bawabu huandika jina lake kitabuni, na akirudi na mzigo hupita. Lakini mgeni asiyeitwa na yeyote akibisha, hafunguliwi. Kwa hiyo mkazi anapofungua ukurasa wa habari kwa simu, simu yake ndiyo iliyoanza mazungumzo, na majibu yanaruhusiwa kuingia. Mgeni wa mbali anayejaribu kuanza mazungumzo na kamera ya dukani hukataliwa.

Karibu ruta zote za nyumbani huja zikiwa na sheria hii tayari. Hilo ni jambo jema. Mkazi ambaye hajagusa chochote, mara nyingi bawabu wake yuko kazini. Hatari kubwa huanza pale mtu anapoanza kumpa bawabu maagizo ya ziada.

Poti na agizo la kufungua

Kila anwani ya intaneti ina milango yenye nambari, kuanzia 1 hadi 65,535. Milango hiyo huitwa poti. Kila huduma ina poti iliyozoeleka. Kurasa za kawaida hutumia 80, kurasa zilizofungwa kwa usiri hutumia 443. Poti 23 na 22 hutumika kuamuru vifaa kwa mbali, na 3389 hutumika kuongoza kompyuta ya Windows kutoka mbali. Vinasa picha vya kamera navyo vina poti zake, kulingana na kampuni iliyovitengeneza.

Kuelekeza poti ni kumwachia bawabu agizo la maandishi: mtu yeyote akija kuulizia mlango fulani, mpeleke moja kwa moja chumba cha kinasa picha. Bawabu akipokea agizo hilo hamuulizi mgeni jina wala anakotoka. Anampeleka hadi mlangoni. Kuanzia hapo, kinga pekee iliyobaki ni kufuli ya chumba chenyewe, yaani nywila ya kinasa picha na ubora wa programu iliyo ndani yake.

Agizo hili si baya kila mara. Kuna kazi halali zinazolihitaji, kwa mfano mtu anayeendesha seva yake mwenyewe na anayejua kuilinda. Ubaya uko katika agizo lililoachwa na mtu mwingine, lisilojulikana na mwenye nyumba, linaloelekeza wageni kwenye kifaa chenye kufuli dhaifu.

Wako watakaosema: nani atahangaika kutafuta duka la Chepilat? Jibu ni kwamba hakuna anayelitafuta kwa jina. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walionyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kubisha poti moja kwenye anwani zote za intaneti ya kawaida duniani, ambazo ni takriban bilioni 4.3, kwa chini ya saa moja. Mashine za wadukuzi hubisha kila mlango wa kila mtaa, na kuandika uliofunguka.

Yaliyotokea Liberia na Ujerumani

Mwaka 2016 dunia iliona matokeo ya milango iliyoachwa wazi. Programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera, vinasa picha na ruta ambazo poti zake za kuamuru kwa mbali zilikuwa wazi. Haikuhitaji ujanja mkubwa. Ilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Ilipofaulu, kifaa kiliendelea kufanya kazi yake ya kawaida, na mwenyewe hakujua kwamba sasa kina bwana wa pili. Mamia ya maelfu ya vifaa vilinaswa kwa njia hiyo.

Vifaa hivyo viliamriwa kutuma mafuriko ya maombi kwa pamoja hadi huduma za watu zikazama. Tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn ya Marekani ilishambuliwa, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikupatikana kwa saa kadhaa katika sehemu nyingi. Mwezi uliofuata nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikatikiwa na huduma baada ya jeshi la vifaa kama hilo kujaribu kuingia kwenye ruta za nyumbani kupitia poti 7547.

Katika kipindi hicho hicho, kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa na vifaa vilivyotekwa hivyo hivyo. Mahakama ya Uingereza ilielezwa kwamba mshambuliaji, raia wa Uingereza, alikuwa amelipwa afanye kazi hiyo. Januari 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 32. Wateja wa kampuni ya Afrika Magharibi waliumizwa kupitia kamera za watu waliokuwa mbali nao, ambao hawakuwahi kusikia jina la Lonestar.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mwenye duka akidukuliwa, anaweza kupoteza siri zake: saa anazofunga, mahali anapohesabia pesa, nyuso za watoto wake. Lakini kifaa chake pia kinaweza kutumiwa kumuumiza jirani au mtu wa nchi nyingine.

Nywila nzuri peke yake haitoshi. Septemba 2021 kampuni ya Hikvision, inayotengeneza kamera zinazotumika sana duniani, ilitangaza kasoro katika programu ya baadhi ya kamera zake na kutoa marekebisho. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu aliyefika kwenye kamera kupitia mtandao kuitawala bila nywila yoyote. Aliyekuwa amefungua poti na hakusasisha programu alikuwa hatarini, hata kama nywila yake ilikuwa ndefu kiasi gani. Aliyefunga mlango wa ruta alikuwa na ukuta mmoja zaidi.

Kabla ya kumlipa fundi, pima kwanza

Kuna jambo jingine linalogusa mfuko. Katika nyumba nyingi, kufungua poti hakuwezi kufanya kazi hata kidogo.

Sababu ni uhaba wa anwani. Zile bilioni 4.3 zimekwisha kugawanywa karibu zote. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ni kama mtaa mzima wa ploti uliozungushiwa ukuta mkubwa wenye bawabu wa pili, na bawabu huyo ni wa kampuni. Intaneti ya laini za simu kwa kawaida hutolewa hivyo. Starlink pia, iliyoanza kuuza huduma zake Kenya Julai 2023, huwaweka wateja wake wa kawaida wa nyumbani katika mpango huo. Mwenye nyumba anaweza kumwachia bawabu wake agizo lolote, lakini mgeni atazuiwa kwenye lango la kwanza.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Mkazi anafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta na kutazama anwani ya upande wa nje, ambayo kwenye skrini huandikwa "WAN IP". Kisha, kwa simu iliyounganishwa kwenye ruta hiyo hiyo, anatafuta kwenye Google maneno "what is my IP". Kama ukurasa utaonyesha nambari mbili, ya kulinganisha ni ile yenye tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta. Nambari hiyo ikilingana na ya ruta, anwani ni yake, na poti ikifunguliwa itafunguka kweli. Zikitofautiana, hasa kama ile ya ruta inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, yuko nyuma ya ukuta wa kampuni. Fundi akidai pesa za kufungua poti katika hali hiyo, anauza kisichowezekana.

Ukuta wa kampuni, hata hivyo, si ruhusa ya kulala. Baadhi ya huduma sasa hutumia anwani za aina mpya ziitwazo IPv6, ambazo ni nyingi kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kupewa yake. Huko hakuna kujificha nyuma ya anwani moja, na kinachobaki ni fayawoli ya ruta. Isizimwe kamwe. Tena, adui anaweza kuingia bila kupita langoni: jirani mwenye nywila ya Wi-Fi, au simu yenye programu haramu, tayari wako ndani ya ploti.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwenye nyumba atazame kibandiko kilicho chini ya ruta. Hapo kuna anwani ya kuingilia mipangilio, kwa mfano 192.168.1.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Anwani hiyo huandikwa kwenye kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani.

Pili, kabla ya kubadili kitu, apige picha ya kila ukurasa atakaougusa, ili akikosea arudishe kama ilivyokuwa. Asibonyeze kitufe cha kufuta mipangilio yote bila kuuliza kampuni yake ya intaneti. Baadhi ya ruta zikifutwa hupoteza mipangilio ya kampuni, na intaneti hukatika hadi fundi wa kampuni aje.

Tatu, abadilishe nywila ya msimamizi. Hii ni tofauti na nywila ya Wi-Fi. Mtu anaweza kubadili ya Wi-Fi kila mwezi na bado akaacha ya msimamizi kama ilivyotoka kiwandani. Nywila mpya iwe ndefu, iandikwe kwenye daftari, na daftari liwekwe mahali salama.

Nne, ahakikishe fayawoli imewashwa. Kiwango kilichowekwa na kiwanda kinatosha kwa nyumba nyingi. Mtu akiambiwa aizime ili kamera au mchezo wa watoto ufanye kazi, akatae na kutafuta njia nyingine.

Tano, afungue ukurasa ulioandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server". Hiki ndicho kitabu cha maagizo ya bawabu. Kila mstari ni mlango ulio wazi. Mstari ambao hakuna anayeweza kueleza kazi yake uzimwe kwanza, na baada ya siku chache, kama hakuna kilichoharibika, ufutwe. Kubadili nambari ya poti kutoka moja hadi nyingine si ulinzi. Ni kuhamisha mlango huo huo upande wa pili wa ukuta.

Sita, azime mambo matatu asipokuwa na sababu ya kuyatumia. "UPnP" huruhusu vifaa vya ndani kufungua poti vyenyewe bila kumuuliza mwenye nyumba. "DMZ" hupeleka kwenye kifaa kimoja kila mgeni asiyekuwa na pa kwenda. "Remote Management" huruhusu mipangilio ya ruta kufunguliwa kutoka nje. Kama ruta ni mali ya kampuni ya intaneti, aulize kwanza kuhusu hilo la tatu, kwa kuwa kampuni nyingine hulitumia kuhudumia wateja.

Saba, asasishe programu ya ruta, ya kamera na ya kinasa picha.

Njia bora ya kuona duka ukiwa mbali

Mama wa duka la vifaa vya ujenzi bado ana haja ya kuona duka lake, na haja hiyo ni halali. Njia rahisi ni programu ya simu inayotolewa na kampuni iliyotengeneza kamera. Hapo kinasa picha chenyewe ndicho kinachotoka nje kuzungumza na seva ya kampuni, na simu humkuta huko. Hakuna mlango unaofunguliwa, na hufanya kazi hata nyuma ya ukuta wa kampuni ya intaneti. Sharti lake ni nywila isiyotumika kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili pale unapopatikana, kwa maana atakayeijua nywila hiyo ataona duka.

Kwa shule, kliniki au biashara yenye matawi, VPN ni bora zaidi. Hii ni njia iliyofichwa kati ya simu na ruta, ambayo mtu hawezi kuipita bila ufunguo. Kamera, kwa upande wake, ziunganishwe kwenye Wi-Fi ya wageni au mtandao wake tofauti, mbali na kompyuta yenye hesabu za biashara.

Maswali kwa fundi, na sheria

Mafundi wengi ni waaminifu na hufanya kazi nzuri. Fundi wa namna hiyo hatachukia kuulizwa kabla hajalipwa: Je, umefungua poti yoyote? Nambari gani, na kwa nini? Nywila ya msimamizi ni ipi sasa? Je, wewe bado unaweza kuingia ukiwa nje? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Kisha mwenye duka abadilishe nywila mwenyewe, fundi akiwa bado hapo kumsaidia.

Sheria iko upande wa mwenye mali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamwajibisha mwenye biashara anayenasa picha za wateja kuwafahamisha na kuzihifadhi salama. Kwa hiyo mlango wa ruta ulioachwa wazi unawahusu wateja pia.

Anayeshuku kwamba kifaa chake kimedukuliwa akichomoe kwenye intaneti, asifute kumbukumbu zake, kisha aripoti kwa polisi. Matukio ya mtandaoni pia hupokelewa na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Jioni ya leo, kila mwenye duka atafunga kufuli na kuzitingisha kama kawaida. Kabla ya kwenda nyumbani, apige picha ya kile kibandiko kilicho chini ya ruta. Kesho, akiwa na nusu saa, afungue ukurasa wa maagizo ya bawabu na kuhesabu mistari iliyopo. Kama ukurasa ni mtupu, amshukuru Mungu na kuuacha hivyo. Kama una mistari, amuulize aliyeiandika.